Fidla Ikimsubiri Mwimbaji

Boti inafika Malindi, Unguja, mimi na mume wangu hatujasemezana tangu Dar. Si unajua ugomvi wa ndoa: wote mnaongea, hakuna anayesikiliza!

Jioni tukaingia kwenye mazoezi ya taarab asilia, Mji Mkongwe. Udi, ganuni, fidla na mwimbaji mmoja. Mzee wa ganuni akanionyesha shairi kwenye daftari, kila mstari mizani 16.

“Twaugawa nusu kwa nusu, mwanangu,” akasema. Mizani 8 zinaimbwa, fidla inajibu, ndipo zifuate 8 nyingine. Fidla ikiwahi, neno limemezwa, na shairi limepotea.

Nikamkumbuka Siti binti Saad wa Fumba. Mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurekodi santuri, alisafiri na wapigaji wake mwenyewe. Sishangai. Mtu anayejua pumzi zako utampata wapi ugenini?

Tukirudi hotelini, mume wangu akaanza kujieleza. Ulimi uliniwasha, kwa kweli! Lakini safari hii nikamwacha amalize kipande chake.

Ndipo nikajibu.