Kadi si mtu

Najua nimenyamaza kwa muda, na wengine mmeanza kudhani nimeacha kuandika. La hasha. Nilikuwa nimejificha na aibu yangu. Leo nimeamua kuisimulia, maana huenda ikamfaa mwingine anayeandika programu huku akidhani kazi yake inaishia kwenye tarakilishi.

Mjomba wangu ana pikapu mbili zinazobeba maziwa kutoka Njoro hadi Nakuru mjini. Madereva ni wanne, nao hupokezana. Kwa miaka mingi funguo zilining'inia msumarini pale bohari, na aliyefika kwanza alichukua. Petroli ilipopungua, kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole. Pikapu zenyewe ni za zamani, funguo zake ni chuma kitupu. Nakala zilikuwa zimechongwa kwa fundi mara kadhaa na hakuna aliyejua ni ngapi ziko nje. Hiyo ndiyo kasoro ya ufunguo wa chuma: aliyekwisha kujichongea nakala humwezi, ila ubadilishe vitasa vyote.

"Mpwa wangu," mjomba akaniambia, "wewe si mtu wa tarakilishi? Nitafutie dawa."

Nikatafuta. Nilifunga kidude nyuma ya dashibodi: kisoma kadi, laini ya simu, na swichi inayokatiza waya wa stata. Bila kadi iliyoandikishwa, stata haizunguki. Jambo moja nililizingatia tangu mwanzo, na nalisema kwa herufi kubwa: swichi izuie gari KUWASHWA, isizime injini inayonguruma. Injini ikizimwa gari likiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Ukiwa kwenye mteremko na shehena ya maziwa, utaua mtu ukidai unazuia wizi.

Kila kadi ilipoguswa, rekodi ilitumwa kwenye seva yangu: gari, saa, dereva. Na ili kadi zisipotee ovyo, nikamshauri mjomba atoze shilingi 500 kwa kila inayopotea. Miezi miwili ikapita shwari. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Halafu Jumapili moja asubuhi mjomba akakuta pikapu imekwaruzwa ubavu mzima na tangi liko tupu. Akanipigia simu. "Tarakilishi inasema ni nani?" Nikafungua hifadhidata. Jumamosi, saa tatu na dakika arobaini usiku. Nikamjibu kwa arafa ya maneno mawili: "Ni Mzee." Ndivyo tunavyomwita dereva mkongwe kuliko wote, aliyekuwa akinipeleka shule nikiwa mtoto. Siku hiyo hiyo akaambiwa akae nyumbani.

Baada ya siku kumi na moja alikuja kwangu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliketi, akanywa chai, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo mashine yako ilinionaje gizani?"

Nikaanza kumweleza habari za kadi. Akanikatiza. Jumamosi hiyo alikuwa matangani, Molo, amekesha na watu zaidi ya ishirini. Na kadi je? Akasema kadi yake hukaa kwenye kile kizuia jua cha pikapu. "Mlisema ikipotea ni mia tano. Nikaona mahali isipoweza kupotea ni ndani ya gari lenyewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu yeyote mwenye nakala ya ufunguo angefungua mlango, aiguse kadi ya Mzee, aende zake. Na aliyemfanya Mzee aiache mle ni mimi, na faini yangu ya mia tano.

Alipoondoka nikafungua programu. Kwenye jedwali kulikuwa na safu niliyoiita "dereva". Ndani yake mlikuwa na nini? Nambari ya kadi, basi. Kidude hakikuwahi kumwona dereva yeyote. Kilisikia nambari. Neno moja nililolichagua usiku wa manane nikisinzia liligeuza nambari kuwa mtu, na mtu huyo akakosa mshahara.

Tena hata kadi ingekuwa mfukoni mwake, nisingekuwa na hakika. Nilinunua zile kadi rahisi za kilohezi 125, ambazo hutaja nambari ile ile kwa kisomaji chochote kinachozikaribia. Kuzinakili ni kazi ya sekunde chache kwa kifaa cha bei ndogo. Kadi ya maana haitaji siri yake: kisomaji huiuliza swali la kubahatisha, nayo hujibu kwa hesabu inayotumia siri iliyo ndani. Mara nyingine swali huwa jingine, kwa hiyo jibu la jana halimfai mwizi.

Hata wakubwa wameteleza hapa. Watafiti Roel Verdult, Flavio Garcia na Barış Ege waligundua udhaifu katika Megamos Crypto, chipu iliyokuwa ndani ya funguo za magari ya kampuni nyingi. Mwaka 2013 Volkswagen ilipata amri ya mahakama Uingereza kuzuia makala yao, nayo ikachapishwa mwaka 2015. Kwa muda wote huo udhaifu ulikuwa pale pale.

Haya, nilibadilisha nini?

1. Vitasa vilibadilishwa, msumari ukang'olewa. Nakala za zamani sasa ni vyuma chakavu.
2. Kadi mpya ni za swali na jibu, na kila dereva ana nambari yake ya siri ya kubonyeza.
3. Ruhusa hudumu siku moja. Kila asubuhi kidude hupokea orodha ya madereva wa siku hiyo. Mtandao ukikatika, ruhusa ya jana hufa yenyewe, na mjomba ana nambari ya dharura ya kutumika mara moja tu.
4. Faini imefutwa. Aliyepoteza kadi anatuma arafa, kadi inafungwa, anapewa nyingine bila maneno.
5. Kila dereva anaona rekodi zake na anaweza kuzipinga. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki hiyo hapa Kenya. Mimi nilikuwa sijamwambia hata mmoja ninachohifadhi.

Mzee alirudi kazini. Siku zake kumi na moja zililipwa, nusu kutoka mfukoni mwangu, na mjomba akamwomba msamaha mbele ya madereva wote. Nami pia. Aliyeendesha Jumamosi ile hatumjui hadi leo. Rekodi ninayo, na kila nikiitazama inaniambia kitu kile kile: kadi iliguswa.

Safu ile sasa inaitwa "kadi". Nanyi mnaoandika programu za watu, hebu fungueni majedwali yenu usiku wa leo. Mna safu gani yenye jina la mtu, na ndani yake hamna mtu?

Tuonane tena, Mungu akipenda.