Moshi Kabla ya Mlio

Mtunza saa wa mbio hasikilizi bastola, huitazama. Aliyesimama kwenye utepe wa mita mia hufikiwa na mlio karibu thuluthi moja ya sekunde baada ya risasi kupigwa, na kwa mkimbiaji hodari muda huo ni mita tatu nzima. Kwa hiyo macho yake hukaa kwenye mdomo wa bastola, na kidole hubonyeza saa moshi unapotoka, kabla sikio halijapata habari. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa nilipokabidhiwa saa nikiwa mwalimu kijana wa kike, na ndilo nililowafundisha walimu wa Embu na Meru mpaka nilipostaafu.

Kila ifikapo Olimpiki au Michezo ya Jumuiya ya Madola, watoto wa upande huu wa Mlima Kenya hukaa mbele ya televisheni wakiangalia kikosi cha Kenya kikiingia uwanjani na bendera, halafu huniuliza: "Mwalimu, mbona wa kwetu ni wachache hivi?" Jibu langu ni refu, maana limenichukua maisha ya kazi.

Nchi niliyozaliwa, huku karibu na Runyenjes, ilikuwa ndogo. Sensa ya 1962 ilihesabu watu milioni 8.6. Mwaka uo huo, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Perth, Australia, kijana wa Mombasa aitwaye Seraphino Antao alishinda dhahabu mbili, yadi 100 na yadi 220. Sipendi watu wanavyolisahau hilo. Dhahabu ya kwanza ya Kenya katika michezo mikubwa ya dunia haikutoka milimani wala katika mbio ndefu. Ililetwa na mtoto wa pwani, mwenye asili ya Goa, aliyekimbia mbio fupi kuliko zote. Huko Tokyo 1964, ni yeye aliyeibeba bendera ya nchi iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru.

Kisha ikaja Mexico 1968. Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott wakaleta dhahabu tatu, na kikosi kizima kikarudi na medali tisa. Tulisikiliza Sauti ya Kenya nje ya duka, wakubwa kwa wadogo, na furaha ile sijaiona tena. Lakini furaha hiyo ilizaa fundisho ambalo nimepigana nalo tangu nianze kazi. Jiji la Mexico lipo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na wataalamu wakasema Mkenya hushinda kwa kuwa amezaliwa juu. Basi Mkenya ni mtu wa mbio ndefu, na mbio ndefu ni za Bonde la Ufa. Iten ipo karibu mita 2,400. Mji wa Embu upo karibu mita 1,350, na Meru haupandi sana zaidi ya 1,500. Ukienda Timau hali ni nyingine, lakini wengi wetu hatuishi Timau. Kwa hesabu hiyo sisi tulikuwa tumekwisha kutolewa kabla ya mchujo.

Waliosema hivyo hawakutazama orodha nzima. Katika Mexico ileile vijana wetu walipata fedha katika mita 400 kwa wanne kupokezana kijiti, na Munich 1972 Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang wakachukua dhahabu kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Mtu hashindi mbio hizo kwa mapafu ya mlimani peke yake. Hushinda kwa mwendo, kwa zoezi la kupokezana kijiti, na kwa mtu aliyekaa na vijana jioni baada ya jioni akiwarekebisha mkono.

Nilitoka chuo cha ualimu cha Kigari nikaanza kufundisha 1974, shule ya msingi upande wa Mbeere, kule chini kwenye joto na mawele. Mwanzoni mwa mwaka huo, huko Christchurch, Sabina Chebichi alikuwa amepata shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya mwanamke Mkenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Magazeti yalikuwa yameeleza jinsi alivyojitokeza kwa kukimbia pekupeku na gaguro. Nilikata picha yake nikaibandika darasani. Wasichana wangu walikuwa wameniambia hawawezi kukimbia kwa sababu hawana kaptura. Wiki hiyo walikimbia.

Wazazi walikuwa kazi nyingine. Bibi mmoja alinifuata hadi ofisini na mkongojo wake.

"Mwalimu, mjukuu wangu akikimbia mbele ya wanaume, ataolewa na nani?"

"Cucu, akikimbia vizuri ataitwa shule ya sekondari nzuri. Wakuu wa shule huja kwenye mashindano kutafuta wasichana wenye mbio."

Alikaa kimya kidogo. "Karo?"

"Wengine hupunguziwa."

"Basi akimbie. Lakini arudi kabla ya ng'ombe kukamuliwa."

Mazungumzo ya namna hiyo nimeyafanya maisha yangu yote, na nayahesabu kuwa sehemu ya kuteua timu ya taifa sawa na mkutano wowote wa Nairobi. Msichana ambaye bibi yake hakukubali hawezi kufika Olimpiki.

Halafu kuna uwanja. Kanuni za riadha zinataka uwanja usiinamie upande wa kukimbilia zaidi ya mita moja katika kila mita elfu. Anayejua nchi yetu, inavyoteremka kutoka msituni hadi Tana, ataelewa maana ya sharti hilo. Viwanja vingi vilichimbwa na wazazi kwa majembe, udongo mwekundu ukihamishwa kwa karai toka upande wa juu kwenda wa chini, na bado mbio za upande mmoja zilikuwa za kuteremka na za upande wa pili za kupanda. Tulichora kwa kamba na chokaa. Unapigilia kigingi, unavuta kamba ya mita 36.5, unazunguka nayo kupata kona. Kila mstari mita 1.22 kwa upana. Katika mita 400 mkimbiaji wa mstari wa pili unamsogeza mbele mita 7.04, la sivyo umemwibia. Nilikataa kukadiria kwa hatua, hata mvua ilipokuwa imekaribia na waalikwa wamekwisha kuketi. Mtoto akishindwa, ashindwe na mwenzake, asishindwe na kamba ya mwalimu.

Fedha zetu zilikuwa kahawa. Baridi kali iliunguza mashamba ya Brazil mwaka 1975, bei ikapanda duniani, na mwaka 1976 na 1977 vyama vya ushirika vya Embu na Meru vililipa wakulima kiasi ambacho hawakuwa wamewahi kukiona. Shule zilinunua njumu, mipira, mikuki, na zikakodi basi la kupeleka watoto mashindano ya mkoa. Na mwaka huohuo wa 1976 Kenya ikajiondoa Montreal, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 tukajiondoa tena, Moscow. Sababu ya 1976 naiheshimu mpaka leo. Lakini mwalimu ndiye anayebaki na watoto. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 na hakukimbia Olimpiki hata moja. Wasichana wangu waliuliza kama na wao watafika mlangoni waambiwe warudi. Niliwajibu kwamba aliye tayari hapotezi, na nikaendelea kuwapima.

Mapatano ya kahawa ya kimataifa yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka na basi likakatika. Wakulima walianza kung'oa mibuni au kuiacha igeuke msitu. Nilikuwa nimehamia Meru wakati huo, shule ya sekondari ya wasichana upande wa Imenti, na tulisafiri kwenda Embu, makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, tukiwa tumebanana kwenye lori la mtu aliyetuonea huruma, kupitia Nithi na Chuka, kona baada ya kona, watoto wakitapika kisha wakishuka kukimbia. Huko walikutana na Wakamba wa Machakos na Kitui waliotuzidi kwa idadi na kwa pumzi, na vijana warefu wa Isiolo na Marsabit waliokuwa wamesafiri mbali kutuzidi. Mkoa ule ulikuwa nchi nzima.

Kabla ya bei hiyo kuanguka, mwaka 1987, niliitwa Kasarani. Michezo ya nne ya Afrika ilifanyika Nairobi mwezi wa Agosti, katika uwanja mpya uliojengwa kwa msaada wa China, na mimi nilikuwa miongoni mwa watunza saa wa akiba, tuliosimama nyuma ya mitambo ya umeme endapo itakwama. Ningependa kila mwalimu wa michezo apate siku kama zile. Saa ya mtambo huanza na bastola yenyewe, haingoji kidole. Binadamu, hata akitazama moshi, huchelewa kuanzisha saa, na kwenye utepe huuona mwili unakuja akabonyeza kwa wakati. Ndiyo maana wakati wa mkono huongezewa sekunde 0.24 katika mita mia, na 0.14 katika mita 400, unapolinganishwa na mtambo. Nilisimama pale nikawaza juu ya madaftari yangu yote. Mtoto niliyemwandikia 12.0 Embu, Kasarani angekuwa 12.24, na viwango vya kuingia michezo ya kimataifa huandikwa kwa mtambo. Kutoka siku hiyo kila daftari langu lilikuwa na safu mbili, na watoto walijua tangu wakiwa kidato cha kwanza ukubwa halisi wa kazi iliyo mbele yao. Wengine walikata tamaa. Waliobaki ndio waliofika mbali.

Kasarani niliona pia nchi zilizoleta watu wachache kabisa, wakiandamana na bendera kubwa kuliko safu yao. Watazamaji waliwapigia makofi ya wageni. Mimi nililia. Niliwaona walimu wao nyuma yao, wale wasioandamana.

Msichana mmoja wa Imenti nimtaje bila jina. Alikimbia mita 400 kwa namna ambayo sikuwa nimeiona, kona ya pili akiishika kana kwamba ameikopesha mtu na sasa anaidai. Nilikuwa nimewasimulia juu ya Ruth Waithera aliyefika fainali ya mbio hizo Los Angeles 1984, na yeye aliamua kwamba ni njia yake. Alifika majaribio ya taifa, akakosa nafasi kwa wasichana waliomzidi kihalali. Magereza walimwajiri kwa ajili ya mbio zile, kama majeshi na polisi wanavyofanya hapa kwetu, na mshahara wake ukasomesha ndugu zake. Watu husema hakufaulu. Mimi siukubali uamuzi huo hata kidogo.

Wavulana walikuwa na kishawishi kingine. Kule Igembe, Meru, mvulana mwenye miguu mepesi alipanda miraa alfajiri, akalipwa jioni ileile. Riadha humlipa mtu baada ya miaka, ikimlipa. Nilipokwenda Maua kuwatafuta niliowaona kwenye mashindano ya tarafa, niliwakuta wakifunga mafungu ya miraa kwa majani ya mgomba. Walinisalimu kwa heshima, wakaniuliza habari za shule, wakaendelea kufunga. Mwaka 1994 Charles Gitonga aliposhinda dhahabu ya mita 400 huko Victoria, Kanada, kwa sekunde 45.00, jina hilo lililojaa Meru lilinipa hoja mpya, na baadhi yao walirudi mazoezini.

Paris 2024 nilimwangalia Winfred Yavi, mzaliwa wa Makueni, akichukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji mita 3,000 kwa dakika 8 na sekunde 52.76, rekodi ya Olimpiki, akiwa na jezi ya Bahrain. Makueni ilikuwa ndani ya mkoa wetu. Simlaumu binti yule, nilimshangilia nikiwa nimesimama. Ila nchi ndogo kama Bahrain ilimpa nafasi, na sisi tunaoamini tuna wakimbiaji wa kumwaga tuna tabia ya kuangalia shamba moja tu. Samuel Gathimba alipata shaba ya kutembea kilomita 20 huko Gold Coast mwaka 2018, na nimekutana na walimu wa michezo ambao hawajui kwamba Kenya ina watembeaji. Julius Yego alijifunza mkuki kwa kutazama video, akapata fedha ya Olimpiki huko Rio 2016. Vipaji hivyo vilijitafutia njia vyenyewe. Ingekuwaje vingetafutwa?

Agosti 2022, Birmingham, Ferdinand Omanyala alishinda mita mia kwa sekunde 10.02. Miaka 60 ilikuwa imepita tangu Antao. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini walimu wa huku bado huniita nikashike saa. Katika mashindano yaliyofuata waliojiandikisha mita mia walikuwa wengi kiasi kwamba mistari sita haikutosha siku moja, na michujo ikaendelea mpaka kesho yake. Walimu vijana walilalamikia ratiba. Niliwaambia walete chokaa zaidi, kisha nikamwuliza mwanzishaji kama amebakiwa na risasi za kutosha.