Nani "Alisema"? Kuhesabu Sauti za Wanawake Katika Habari

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikicheza na programu ndogo. Kazi yake ni moja tu: kusoma habari za Kiswahili na kuhesabu aliyenukuliwa ni mwanamume au mwanamke. Si programu ya kujivunia, na takwimu zake sitoi kwa sasa kwa kuwa bado naipima. Lakini imenifunza jambo kuhusu lugha yetu na magazeti yetu.

Kwanza, kwa nini nihesabu? Tangu 1995 kuna mradi uitwao Global Media Monitoring Project. Kila baada ya miaka mitano huteuliwa siku moja, na watu katika nchi nyingi husoma magazeti, husikiliza redio na hutazama runinga za siku hiyo, wakihesabu. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu walioonekana au kusikika katika habari. Mwaka 2010 walikuwa 24. Mwaka 2015, 24 tena. Mwaka 2020, 25. Miaka 25 kupanda asilimia 8! Hata kobe angeona haya.

Huko Kanada, Chuo Kikuu cha Simon Fraser kilizindua mwaka 2019 tarakilishi iifanye kazi hiyo kila siku kwa kusoma tovuti za habari. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Nikasema basi, tujaribu kwa Kiswahili.

Hapo ndipo nilipokwama. Kiingereza kina neno moja la mwanamume na jingine la mwanamke. Sisi tuna "yeye" tu. "Alisema", "akaongeza", "alieleza": hakuna kinachokuambia msemaji ni nani. Nikakumbuka kwamba magazeti yetu hupenda kuandika Bw na Bi. Rahisi! Hesabu hizo mbili, kazi imekwisha.

Haijakwisha. Mwanamke akisoma hadi akawa Dkt au Prof, ile "Bi" hutoweka. Yaani programu yangu ilikuwa inawapoteza wale wale niliotaka zaidi kuwapata, wataalamu. Nikageukia majina. Achieng ni mwanamke na Ochieng ni mwanamume, Nekesa na Wekesa vivyo hivyo, Cherotich na Rotich pia. Lakini wengi hutajwa kwa jina la baba au la mume. Chukua Ushahidi, ile programu ya ramani iliyozaliwa hapa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi. Miongoni mwa waanzilishi wake ni Ory Okolloh na Juliana Rotich. Mwandishi akishataja jina kamili mara moja, aya zinazofuata ni "Okolloh alisema", "Rotich alisema". Tarakilishi inaona wanaume wawili. Na msomaji aliyeanzia katikati je? Naye pia, nadhani.

Kwa hivyo katika Kiswahili sauti ya mwanamke hupotea mara mbili: kwanza haombwi maoni, na akiombwa, msomaji anaweza asijue kwamba ni yeye.

Najua mtakaloniambia: habari hufuata wenye mamlaka, na wenye mamlaka ni wanaume. Ni kweli kiasi. Kati ya magavana 47 waliochaguliwa 2022, wanawake walikuwa 7. Mwandishi hawezi kumbadilisha gavana. Lakini anayeitwa kueleza bei ya unga, mafuriko au mikopo ya simu huchaguliwa na chumba cha habari chenyewe. Na huko, kwa hesabu ya 2020, wanawake walikuwa asilimia 24 tu ya wataalamu.

Nimeuona mchezo huu kwa karibu. Kuna wakati redio moja ilitaka mtu aeleze mfumo wa malipo tulioutengeneza kazini. Aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo huo ni mwenzangu, mwanamke. Simu ikaja kwangu. Sababu? Mtangazaji alikuwa na namba yangu. Nikampa namba ya dada huyo, akaenda, akaeleza vizuri kunishinda, na tangu hapo wanampigia yeye. Hakukuwa na njama yoyote. Ilikuwa ni orodha ya namba tu. Lakini orodha hiyo ndiyo inayoamua taifa litamsikia nani.

Na orodha hubadilika. Mwaka 2017 Ros Atkins wa BBC alianza kuhesabu wageni wa kipindi chake kila jioni baada ya kazi. Hakuwahesabu wale ambao habari isingekuwepo bila wao, kama rais. Aliwahesabu wale ambao kipindi kilikuwa na uhuru wa kuwachagua. Wanawake walikuwa asilimia 39. Baada ya miezi minne, nusu kwa nusu. Hakutumia tarakilishi ya ajabu wala sheria mpya. Walikuwa na hesabu iliyo mbele ya macho kila siku, basi.

Mimi naendelea na programu yangu. Sasa inajifunza kurudi kwenye jina la kwanza kabla ya kuamua. Nanyi msiingoje. Chukueni gazeti la leo na kalamu, pigeni mstari chini ya kila "alisema", kisha mtafute ni nani hasa aliyesema.