Tuache Kucheka Sanduku la Mama

Wasee, leo naongea na nyinyi mnaocheka chama cha mama zenu.

Ukizunguka vijiji vya Mutomo, Kathonzweni ama Wote, utapata kikundi chenye sanduku la chuma na kufuli tatu. Funguo zinakaa na watu watatu tofauti, kwa hivyo hakuna anayelifungua peke yake. Kila mkutano watu wananunua hisa, wanakopa na kulipa mbele ya wote. Mwisho wa mzunguko, kama mwaka hivi, pesa na faida zinagawanywa. Mtindo huu wa sanduku ulianza Niger mwaka 1991, lakini ulipofika Ukambani ulikuta watu washazoea mwethya, kulimiana na kuchimbiana matuta kwa zamu.

Kule Pennsylvania, Marekani, Bank of Bird-in-Hand ilifunguliwa 2013 katikati ya wakulima Waamishi. Dirisha lake linahudumia hata mteja aliyekuja na gari la farasi. Siri yake na ya sanduku ni moja: anayekukopesha anakujua, na anajua utavuna lini. Apu inajua simu yako tu. Inataka pesa yake baada ya siku 30, na ndengu zinahitaji 60 ama zaidi.

Lakini tuseme ukweli, sanduku lina shida. Wote wanategemea mvua moja, hasa ile ya Oktoba hadi Desemba. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilifeli misimu mitano mfululizo. Wakati kama huo kila mtu anataka kukopa na hakuna wa kuweka. Hata ungefunga kufuli kumi, hazileti pesa.

Hapo ndipo tunaingia sisi. Mimi niliacha chuo, nakula kwa video. Wewe uko na boda Nairobi, mwingine anaosha magari Mombasa. Pesa yetu ni kidogo, lakini haingoji mawingu. Mwezi ambao mama hana cha kuweka, sisi tunaweza kuwa nacho.

Najua mtasema mkutano ni katikati ya wiki na nyinyi mko mbali. Ongeeni na kikundi. Tuma kwa M-Pesa, jina lako liandikwe kwa kitabu.

Na usitume kama msaada. Nunua hisa, kopa, lipa, na ukichelewa upigwe faini kama mama yako.