Tulivyogombana kwa Ajili ya Binti Lucy

Mwezi wa Julai huku kwetu Ufipa ni mwezi wa baridi na mahindi. Jioni watu hukaa jikoni karibu na moto wakipukuchua, na mikono ikiwa kazini masikio nayo hutaka chakula chake. Zamani marehemu mama yangu ndiye aliyetuhadithia habari za sungura na fisi. Mwaka jana zamu hiyo iliniangukia mimi, mwalimu mstaafu, na hadithi zangu za sungura zilikuwa zimekwisha. Basi nikafungua sanduku la vitabu, nikatoa kimoja cha Kiingereza nilichopewa na mwalimu mwenzangu miaka mingi iliyopita, nikaanza kukisimulia kwa Kiswahili, sura mbili tatu kila jioni. Sikujua nimeleta nini nyumbani.

Kitabu chenyewe chaitwa A Room with a View, maana yake chumba chenye dirisha la kutazama mbali. Mtungaji ni Mwingereza E. M. Forster, nacho kilitolewa mwaka 1908. Mwaka 1901 mtungaji huyo alikuwa amesafiri Italia pamoja na mama yake, na humo ndimo alimopata habari za watu wanaokwenda likizo nchi ya mbali wakafungua mioyo kuliko walivyozoea kwao.

Hadithi yaanza hivi. Msichana Lucy Honeychurch anapelekwa kutembea mji wa Florence, akifuatana na ndugu yake mtu mzima, Binti Charlotte Bartlett, ambaye kazi yake ni kumlinda. Walikuwa wameahidiwa vyumba vinavyotazama mto Arno, lakini wanapofika nyumba ya wageni wanapewa vyumba vya upande wa uani. Mzee mmoja, Bwana Emerson, yupo hapo na mwanawe George, nao wana vyumba vya mtoni. Wakiwa mezani, mbele ya watu wote, mzee anajitolea wabadilishane.

Hapo tu, kabla mapenzi hayajaanza, jiko langu lilikwisha gawanyika. Mke wangu akasema huyo ni mzee mwema. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwenye umri uliopita miaka 80, akatupa gunzi motoni akasema, "Mwanamume asiyekujua akikupa chumba chake, uliza kwanza anataka nini." Nikamweleza kwamba hata Charlotte alifikiri hivyo hivyo, akakataa, mpaka mchungaji mmoja wa Kianglikana, Bwana Beebe, alipoingia katikati. "Basi huyo Charlotte ana akili," akasema. Tangu jioni ile shangazi akawa wakili wake.

Jirani yetu katekista, aliyekuja kwa ajili ya moto na uji wetu, alipenda mahali palipoeleza habari za Santa Croce, kanisa kubwa la Wafransisko lenye picha za ukutani za Giotto. Lakini aliposikia kwamba mzee Emerson alikataa kumbatiza mwanawe, akaweka chini hindi lake. Akauliza, mtu wa namna hiyo atamshauri nani juu ya ndoa? Sikuwa na jibu. Niseme wazi, msomaji, usije ukaletewa kitabu hiki ukadhani ni cha dini: mtungaji hakuwa mtu wa kanisa, na wachungaji wake kitabuni amewachora kwa kalamu ya kucheka.

Tukaendelea. Siku moja Lucy yuko peke yake uwanjani mjini, wanaume wawili wanagombana kwa deni la lira tano, mmoja anamchoma mwenzake kisu. Lucy anazimia, George anamdaka. Baadaye wageni wanapanda vilima karibu na Fiesole, na huko, katikati ya maua, George anambusu bila kuuliza. Hapa nilipunguza, maana wajukuu walikuwapo. Nikasema, "Akamwamkia kwa upendo." Watoto wakacheka mno. Ndipo binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu akiwa na miaka sita, akasema, "Alimbusu, Baba mdogo. Sema tu, tuendelee."

Charlotte aliona. Kesho yake asubuhi akamchukua Lucy wakaondoka kwenda Roma. Waliporudi Uingereza, Lucy akakubali posa ya Bwana Cecil Vyse, mtu wa London, mwenye mali na elimu, aliyekuwa amekwisha mposa mara mbili akakataliwa.

Juu ya Cecil tulibishana jioni mbili nzima. Mdogo wangu alimtetea kwa nguvu. Alisema: amerudi mara ya tatu, amekuja nyumbani kwao, mama mtu amekubali, hakuiba chochote porini, mnataka nini zaidi? Mke wangu akajibu kwamba Cecil anamtazama Lucy kama mtu anavyotazama picha aliyoinunua. Hacheki na mdogo wake Lucy, anawadharau majirani, akiombwa acheze tenisi ili watimie wanne anakataa na kubaki na kitabu chake. Nikawasimulia jinsi alivyoomba ruhusa ya kumbusu mchumba wake, miwani ikaingia katikati ikamvuruga. Jiko zima likacheka, hata katekista. Binti yetu hakucheka.

Sasa lazima nieleze jambo lililokuwa mle ndani sisi tusilione. Binti huyo alikuwa amechumbiwa. Kijana ni mfanya biashara ya mahindi, mpole, Mkristo mwema. Sina kasoro yake ya kuandika hapa, na kama ningekuwa nayo nisingeiandika. Kwao walikuwa wamekwisha leta ng'ombe wanne katika sita tuliopatana. Mafundisho ya ndoa yalikuwa yaanze baada ya mavuno, na matangazo yasomwe kanisani mwezi wa Oktoba.

Jioni Lucy alipomwambia Cecil kwamba uchumba umevunjika, binti aliuliza swali moja tu: "Baba mdogo, na mahari?" Nikasema Waingereza wale hawakutoa mahari. "Basi kwake ilikuwa rahisi," akasema, akaondoka kwenda kuleta kuni. Kuni zilikuwa tele pale pale miguuni pake. Mimi nimefundisha watoto miaka 31, nikijisifu kwamba namjua mtoto mwenye swali hata kabla hajanyosha mkono. Siku ile nilifungua ukurasa mwingine nikaendelea.

Hadithi ikafika mwisho. Lucy, baada ya kujidanganya na kuwadanganya watu wote, anamkuta mzee Emerson chumbani kwa mchungaji Beebe. Mzee anamwambia usoni kwamba anampenda George. Wanaoana, nyumbani kwao wamekasirika, nao wanarudi Florence kwenye chumba kile kile. Huko George anamwambia mkewe neno la ajabu: Charlotte alikuwa amemwona mzee mle ndani siku ile, na wala hakumzuia Lucy kuingia. Je, yule mlinzi mkali aliwasaidia kwa kusudi? Kitabu hakikati shauri.

Wasomaji wa Kiingereza wamebishana juu ya hilo zaidi ya miaka mia, nasi tukaongeza usiku mmoja. Katekista alisema ni bahati tu. Mdogo wangu alisema kama ni kweli basi Charlotte ni msaliti wa familia yake. Mke wangu alisema alijuta. Shangazi alinyamaza mpaka wote wamemaliza, kisha akasema, "Alijua tangu kule milimani. Miaka yote amemtazama yule mtoto, asijue? Nyinyi mnasikiliza maneno yake, hamtazami alichofanya." Shangazi mwenyewe aliozwa kwa mume ambaye alikuwa hajamwona. Walikaa pamoja miaka 51 mpaka kifo kikawatenga, na mpaka leo hajaniambia kama alifurahi.

Nilitaka kukifunga kitabu hapo. Lakini toleo langu lina nyongeza mwishoni, aliyoiandika mtungaji mwaka 1958, akiwa na miaka 79, kueleza watu wake walivyoishi baada ya hadithi. Mdogo wangu alipoona kurasa zimebaki akadai zote. Nikasoma. Lucy na George waliishi pamoja miaka mingi, hawakuwa matajiri. Vita vya pili vilipokuja, George, ingawa umri ulikuwa umekwenda, akajiunga na jeshi, akatekwa Afrika, akafungwa Italia. Na alipokuwa mbali na mkewe hakuwa mwaminifu. Serikali ya Italia ilipoanguka akashika njia mpaka Florence akitafuta nyumba ile ya wageni, asiweze kuitambua. Mto na vilima vilikuwapo, chumba hakukipata.

Mdogo wangu akapiga goti lake kwa kofi. "Mmeona? Mwizi wa mabusu ni mwizi tu!" Mke wangu alikasirika kweli kweli, wala si na George, bali na mtungaji. Alisema hadithi iliishia chumbani, na mzee aliyekaa miaka 50 kisha akarudi kuwachafua watu wake anafanya umbea. Mpaka leo hazihesabu kurasa zile. Nami, nikiulizwa, nasema mtungaji alifanya vema. Aliwaacha vijana wake dirishani mwaka 1908, halafu akaona vita viwili na watu wengi waliooana kwa mapenzi, akaona haya kunyamaza. Lakini nilijua kwamba nasema hivyo kwa kuwa nimezeeka.

Katika nyongeza hiyo pia imo habari kwamba Charlotte alipokufa aliwaachia wale wawili mali yake kidogo iliyobaki. Nilipolisoma hilo shangazi hakusema neno. Aliomba aongezwe uji.

Binti ndiye aliyesema mwisho usiku ule. "Huyo aliyemkosea, angalau ni yeye mwenyewe aliyemchagua." Akasimama, akapangusa nguo yake, akaenda kulala.

Asubuhi alinifuata zizini. Aliniambia hawezi kuolewa na yule kijana. Hakuwa na mwingine. Nilimwuliza, akaniapia, nami namwamini. Alisema kila akimfikiria anamheshimu, na kila akiufikiria mwaka wa pili na wa tatu wa kukaa naye pumzi zinamkatika.

Mdogo wangu hakunisalimu siku tisa. Alisema niliwakaribisha Wazungu jikoni wakatuharibia mtoto, na kwamba mwalimu mzima ningeweza kusimulia maisha ya watakatifu. Maneno hayo yaliniuma, maana usiku nilikuwa nikijisemea hayo hayo. Nilimwuliza binti, "Ni kitabu?" Akasema alikuwa na neno hilo moyoni tangu Kwaresima, ila hakujua pa kuanzia. Labda alinihurumia. Lakini nikikumbuka zile kuni alizokwenda kuleta wakati tunazo, naona alisema kweli.

Nilikwenda kwa Baba Paroko. Hakukijua kitabu wala hakutaka kusimuliwa. Alinitolea Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, akanionyesha kanuni ya 1057, kwamba ndoa hufanywa na hiari ya hao wawili, na hiari hiyo hakuna mwanadamu awezaye kuitoa badala yao. Akanionyesha na ya 1062: ahadi ya uchumba haimpi mtu haki ya kushtaki ili ndoa ifungwe, lakini hasara iliyopatikana yaweza kudaiwa. "Kwa hiyo," akasema, "hao ng'ombe wako wapi?"

Walikuwapo wote wanne, na mmoja alikuwa amezaa. Nani apeleke habari? Mdogo wangu alikataa. Mshenga alisema ana homa. Mimi nilikuwa nikitafuta maneno siku ya tatu, shangazi akatoka chumbani amevaa kitenge chake cha Pasaka na fimbo mkononi. Yeye, aliyemsifu Charlotte kila jioni kwa kulinda. Yeye aliyesema kwamba msichana akibusiwa porini aozwe au afungiwe. Nikamwambia njia ni ndefu. Akajibu kwamba anaijua, na kwamba nimwite mjukuu mmoja amshike mkono kwenye daraja.

Alirudi jua limezama. Baba wa kijana alikuwa amemsikiliza kimya, akamkaribisha chakula, akala. Ng'ombe warudi, ndama abaki kwetu kwa kuwa tulimlisha mama yake. Shangazi alikataa ndama, wakavutana, mwisho akashinda. Mdogo wangu ndiye aliyewaswaga siku ya pili, ndama nyuma, bila kunitazama. Aliporudi aliomba maji ya kunywa, ndipo tukaanza kusemezana tena. Mama wa yule kijana hajatuamkia mpaka sasa tukitoka Misa, nami siwezi kumlaumu. Binti yuko kwa dada yake anajifunza kushona.

Mahindi ya mwaka huu yako jikoni. Juzi shangazi aliniuliza kama sandukuni kumebaki kitabu. Nikasema vipo viwili. "Lete," akasema, "lakini safari hii usipunguze."