Kutoka Mtumwa hadi Kidude

Kidude ni jina la nyumbani la Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa taarabu na kungwi wa unyago aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013. Alizaliwa Mfagimarigo, Unguja, baba yake akiwa mchuuzi wa nazi. Inasimuliwa kwamba alizaliwa mdogo kupita kiasi, na kwa udogo huo akaitwa kidude. Mwaka wa kuzaliwa kwake hakuujua. Alisema tu kuwa ilikuwa zama za rupia, fedha iliyotumika Zanzibar mpaka 1936, shilingi iliposhika nafasi yake.

Mtu kuwa na majina mawili ni jambo la kawaida pwani. La kwanza hutolewa siku ya saba, na wenye uwezo huchinja akika. Hilo ndilo jina la chuoni, la ndoa na la dua. La pili halina siku. Hutoka kinywani mwa bibi, shangazi au mkunga, na hueleza mtoto amekuja katika hali gani. Sikudhani ni wa mama aliyekwisha kukata tamaa ya kupata mtoto. Tabu, Shida na Mashaka hukumbusha mimba nzito, njaa au msiba wa mwaka ule. Siwatu, yaani hao si watu, ni kijembe: mama asiyeweza kujibizana na mawifi au majirani humwita mwanawe jioni kwa sauti ya kupita ua, na wanaohusika husikia. Hakuna anayeweza kumshitaki kwa kumwita mtoto wake.

Lipo pia fungu la majina ya kujidunisha. Nyumba iliyofiwa na watoto mfululizo humpa anayefuata jina lisilotamanika, ili jicho la husuda limpite na kifo kimwone si kitu cha kuchukua. Kidude linakaa karibu na fungu hili, ingawa lilianzia kwenye umbo la mtoto. Mtumwa nalo limo humo humo, na hapo ndipo historia ya visiwa inapoingia ndani ya jina.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe ilikuja 1897. Kati ya miaka hiyo miwili, yapata 1880, alizaliwa kijijini Fumba binti wa wazazi waliokuwa watumwa, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, akaitwa Mtumwa. Katika nyumba ya waungwana jina kama hilo lingekuwa kinga tu. Kwa mtoto yule wa Fumba lilikuwa kinga na daraja kwa pamoja, na asingeweza kumweleza msikilizaji achague maana ipi. Mabwana walikuwa na desturi ya kuwapa watumwa majina yao maalumu, kama Mabruki, Feruzi, Almasi na Zafarani, mengi yakiwa ya baraka, vito na manukato. Mtu akijitaja kwa jina la namna hiyo, asili yake ilijulikana kabla hajasema neno la pili.

Mtumwa binti Saad alichukua vyungu Fumba akaviuza mjini, akivinadi kwa sauti iliyowasimamisha watu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba, na wasikilizaji wake wakamvika jina la Siti, bibi mwenye heshima. Kwa jina hilo alikwenda Bombay 1928 kurekodi santuri zilizosikika pwani yote. Waliomwonea kijicho walimtungia wimbo wa kumuuliza tangu lini amekuwa mtu, yeye aliyetoka shamba na kaniki moja. Shambulio lile lililenga penyewe. Waliona kwamba Siti amejipandisha kwa jina, wakataka kumrudisha kwenye lile la kwanza. Naye alijibu kwa wimbo, akisema sura si kitu, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili.

Kidude alikuwa mtoto Siti alipokuwa akiwika. Alikimbia chuo, akawa anakwenda kusikiliza mahali Siti na wenzake walipoimba, na nyimbo alizozishika huko, Muhogo wa Jang'ombe ukiwemo, aliendelea kuziimba hata uzeeni. Jambo moja hakuliiga: jina la udogo hakulivua. Watu waliliongezea Bi mbele, likawa Bi Kidude, na ndivyo alivyotangazwa aliposhinda tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Hili lastahili kupewa uzito. Siti aliheshimiwa kwa jina jipya. Mwanafunzi wake alipanda jukwaani Ulaya na Japani na jina la kitoto, akipiga ngoma aliyojifunga kwa kanga, na hakuna aliyemuuliza tangu lini amekuwa mtu. Njia hiyo Siti ndiye aliyeifyeka, kwa machungu aliyoyapata yeye.

Siku hizi majina haya ya pili hayatolewi sana. Kwenye cheti cha kuzaliwa wazazi wengi huandikisha jina la siku ya saba, lile litakaloandikwa pia shuleni na katika pasipoti. La bibi hubaki uani, na likikosa wa kuliita hupotea. Hata hivyo Mtumwa bado lipo Unguja na Pemba, na wamo wanawake wa jina hilo walioingia Baraza la Wawakilishi. Tena, kwa kuwa Mzanzibari huandikwa jina lake, la baba na la babu, majina mengi ya zamani ambayo hakuna tena anayempa mtoto yangali yakiitwa darasani kila asubuhi, yakiwa ya tatu katika orodha ya mwalimu.