Karagwe Iliyobaki Kwenye Mawe

Mwanajiolojia anapotamka Karagwe, akili yake haiendi kwenye mji wa Kayanga wala Bweranyange, makao ya kale ya wafalme. Inakwenda kwenye mawe. Miamba iliyoanza kama tope na mchanga chini ya maji, ikagandamizwa na kukunjwa zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, huitwa ya Karagwe-Ankole hata inapokuwa Rwanda au Burundi. Ufalme wa Karagwe, wa ukoo wa Wahinda, haukuwahi kutawala eneo pana kiasi hicho. Kila nikilikuta jina letu vitabuni naona fahari, kisha moyo unauma: mawe yamelitunza, sisi tumebaki na kidogo sana cha kulijaza.

Ukitoka Omurushaka ukashika njia ya Nkwenda kuelekea Murongo, unaona nchi ilivyojipanga. Migongo mirefu imelala sambamba, juu majani na mawe, mabondeni migomba na mibuni. Mwamba wa mchanga, ulioshupazwa na joto na uzito, umekataa kulika. Ule laini uliotokana na tope umechukuliwa na mvua, ukaacha bonde. Matale yalipojipenyeza kutoka chini yaliambatana na mishipa yenye bati, na hadi leo vijana wa Kyerwa wanaifuata kwa sululu.

Wazee wetu hawakuhesabu mabilioni, lakini kilima walikijua. Walijua jiwe lipi lina chuma na mti upi unatoa makaa ya kuliyeyusha. Ufalme wa Karagwe chini ya mfalme Rumanyika ulisimama juu ya ujuzi huo kama ulivyosimama juu ya ng'ombe wa pembe ndefu. Nyundo na fuawe zilikuwa miongoni mwa alama za utawala. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipokewa kwake Novemba 1861. Msafiri mwingine, Stanley, alipofika mwaka 1876 alioneshwa nyumba ya hazina, akakuta bata wa shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, na mikuki. Mimi huwaza mikono iliyovifua vitu vile kuliko ninavyomwaza mgeni aliyeviandika. Jina la mgeni tunalo. Ya wahunzi hatunayo.

Kisha yakaja mapigo. Rumanyika alifariki, ugomvi wa urithi ukaidhoofisha nyumba yake. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe, ndui ikafyeka watu. Baadaye jembe la dukani likaingia kwa bei ambayo tanuru halikuiweza. Pigo hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, maana halikuwa na kilio. Ng'ombe walililiwa, wafalme walizikwa kwa heshima zao. Tanuru lilipozimika hakuna aliyetandika mkeka wa matanga.

Upande wa Ziwa Victoria, kwa Wahaya, ujuzi huo ulipata bahati. Katika miaka ya 1970 wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tena tanuru kwa kumbukumbu, wakavukuta mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba chuma kilikuwa kikiyeyushwa kwa ustadi mkubwa katika nchi hiyo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu mtu aliwahi kuwauliza wazee wale wakiwa hai.

Babu yangu mzaa mama alikijua kila kilima kwa jina, hata vile vidogo ambavyo ramani inavipita kimya. Tulimsikiliza kama watoto wanavyosikiliza, nusu sikio, tukiamini atakuwepo kesho. Baada ya matanga tuliulizana majina, kila mmoja akataja mawili, matatu, na mengine tukabishana. Ndugu zangu, vilima vyote bado vipo. Sijui niseme nini zaidi juu ya hasara ya namna hiyo.

Mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Nalifurahia jina la mfalme kwenye lango. Ningefurahi zaidi kama mgeni anayekuja kuona wanyama angepelekwa pia shambani, akaoneshwa mavi ya chuma ambayo jembe huyafukua, akaambiwa hapa watu walifanya kazi. Kwa sasa nimeanza na daftari la vilima, kutoka Bugene kwenda Nyaishozi, na nauliza kwanza nyumba zenye wazee.